Walipima Masikio, Hawakupima Kelele

Ramazani mwanangu,

Ninakupa salamu kwa sababu sikulelewa kuanza maneno bila salamu, lakini usiichukue kuwa ni amani. Nina hasira. Nina hasira na wewe, nina hasira na baba yako mdogo Shabani aliyekupeleka kujiandikisha, na nina hasira na yule munganga wa jeshi aliyekupima na kusema masikio yako ni mazuri. Ninaandika jioni hii, mashine ya kukoboa mpunga imezimwa, na wewe uko kwa Shabani wanakunyoa nywele. Tangu jana umekataa kusema na mimi. Sawa. Kusoma hutakataa, maana kusoma hakujawahi kukushinda. Neno likiwa kwenye karatasi linakaa mahali pake mpaka ulikamate. Likitoka mdomoni mwa mtu, katikati ya kelele, ndipo linapokuponyoka.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Mama wengine wa mtaa wetu wa Kasuku watawaambia watoto wao hayo kesho wakati wa kupanda kamio la jeshi. Mimi nitakuandikia kwa nini sikupi baraka yangu. Na mwishoni nitakuambia jambo nililofanya leo mchana nyuma ya mgongo wako.

Nianze na Amisi, maana habari zake nimekuwa nikikupa vipande vipande.

Amisi alikuwa mdogo wangu, ananifuata mimi. Miaka ile ya vita Kindu ilikuwa imefungwa pande zote. Treni haifiki, boti haishuki, mchele wa Kibombo umebaki Kibombo. Tulikula majani ya sombe bila chumvi, na siku nyingine hata sombe yenyewe hakuna. Basi mama yetu alikuwa anatutuma mimi na Amisi mashambani, nje ya mji, kutafuta majani na mihogo iliyosahauliwa ardhini. Kwenda na kurudi lazima tupite bariyeri ya askari waliofunga barabara. Sitasema walikuwa askari wa nani. Wakati ule walibadilika, bariyeri ikabaki palepale.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi, kila mmoja na mzigo kichwani. Pale bariyeri palikuwa na kamio bovu, wanaliwasha, linanguruma na kuzima na kunguruma tena, askari wengine wanalisukuma huku wakiitana. Mmoja akatugeukia. Akasema kwa Kiswahili, nami nilimsikia vizuri: "Weka muzigo chini. Geuka. Kaa chini." Mimi niliweka, nikageuka, nikakaa. Amisi aliweka mzigo. Akasema, "Ndiyo, chef." Halafu akaanza kutembea kumwelekea yule askari.

Hakukimbia. Hakuwa na kitu mkononi. Alitembea huku anatabasamu, lile tabasamu la mtu ambaye hakuelewa na anatumaini hutamgundua. Unalijua tabasamu hilo, Ramazani. Unalo. Nilimwita, "Amisi, kaa," lakini kamio lilikuwa linanguruma. Askari akasema tena, kwa sauti ya juu zaidi na haraka zaidi, na Amisi akazidi kumsogelea ili asikie. Wakampiga risasi.

Nyumbani na mtaani watu walisema mtoto aliuawa na ukaidi wake. Walisema aliambiwa akae, akakataa. Mama yangu, bibi yako, alisema hivyo mpaka anazikwa: "Amisi hakusikiaka mutu." Alikuwa ananiambia mimi niliyekuwepo, mimi niliyeona ile sura. Watu walimwua mtoto, halafu wakamtwika na kosa la kifo chake. Hilo sijamsamehe mtu yeyote, hata mama yangu, na sina mpango wa kusamehe.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikakuzaa. Ulipokuwa mchanga masikio yako yalitoa usaha mara kwa mara, yakapona, yakatoa tena. Baba yako akafariki ungali mgongoni. Nikaanza kazi ya mashine ya mpunga, na wewe ukakulia pale, kwenye vumbi la makapi na kelele.

Ulipoanza kutumwa ndipo vita vyetu vilipoanza. Nilikuambia ulete ungo, ukaleta unga. Nilisema kamba, ukaenda kutafuta pamba. Nikikutuma mambo matatu, unarudi na la mwisho tu, au unasimama mlangoni unatabasamu. Ninakuuliza, "Umesikia?" Unajibu, "Ndiyo, mama." Nilikupiga. Unakumbuka, sina haja ya kulipamba. Nilikuwa nadhani unanidharau mbele ya wateja.

Halafu siku moja mafuta yakaisha, mashine ikazima katikati ya maneno yangu. Nilikuwa nimeshakukaripia, umeshashindwa. Kwenye ule ukimya nikarudia yaleyale kwa uchovu tu: chukua gunia la Mama Fatuma, ulipeleke, urudi na chumvi. Ukaenda. Ukafanya yote. Ukarudi na chumvi.

Nilikaa chini juu ya magunia. Siku zilizofuata nikawa nakujaribu bila kukuambia. Mashine ikiwaka, ninakutuma. Ikizimwa, ninakutuma. Ninakutazama usoni, kisha nakupa mgongo. Kimya na uso kwa uso, hukosei. Kelele na mgongo, unakisia. Na kila ukikisia, lile tabasamu linakuja. Nililiona vizuri siku hizo nikalitambua, maana niliwahi kuliona pale bariyeri.

Nilikwenda kwa mwalimu wako wa mwaka wa tatu. Jina lake siliandiki hapa, asijivunie. Darasa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, mabati juu, mvua ikinyesha hata mimi sikumsikia anasema nini. Nilimkuta amekuweka nyuma kabisa, karibu na dirisha la barabarani, pamoja na wale anaowaita wagumu. Moto zinapita, pikipiki moja nyuma ya nyingine, watu wanauza mikate. Daftari lako la imla lilikuwa na maneno nusu nusu. Nikamwambia, "Mwalimu, mumuweke mbele. Huku nyuma hashiki maneno."

Akajibu bila kuinua kichwa: "Mama, mbele iko ya wale wanataka kusoma."

"Anataka. Anasoma vitabu vya kaka za wenzake."

"Basi kama anasoma, anasikia. Njo maana ninamupiga."

Nilikutoa shule ile. Shabani akasema nimekosa adabu kwa mwalimu. Akasema wewe ni mtoto wa mjane, huna baba wa kukunyoosha, na mimi nakutafutia ugonjwa ili nisione aibu. Alisema hayo nyumbani kwangu, akila chakula changu.

Nikakupeleka hospitali. Munganga akakuketisha kwenye chumba kidogo, akafunga mlango, akasimama nyuma yako, akanong'ona majina ya vitu. Ukayarudia yote. Akagonga kile chuma chenye meno mawili, akakiweka karibu na sikio, ukaonyesha mkono wa kulia, wa kushoto, bila kosa. Akanigeukia: "Anasikia kuliko mimi. Munamupoteza kwa kumubembeleza."

Nilirudi nyumbani nikidhani nina wazimu. Kama masikio ni mazima, basi Amisi alikuwa mkaidi kweli, na wewe pia. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu, Ramazani, na lilinifanya mkali kwako kuliko mwanzo.

Kisha daktari wa masikio akafika Kindu kwa njia ya Lubutu, amepauka vumbi mpaka kope. Mwanamke mfupi, wa Kisangani, hakucheka na mtu. Watu walijipanga. Zamu yetu ilipofika hakukugusa wewe kwanza. Aliniuliza mimi. Anashindwa wapi? Wakati gani? Na sauti ya nani? Kukiwa kimya anakuwaje? Aliwahi kuumwa masikio? Lugha gani mnasema nyumbani? Nilimweleza habari ya mafuta yaliyoisha. Akaacha kuandika akanitazama. "Wewe umeshampima nusu," akasema. "Sasa nimalizie."

Alikuvika kaske masikioni, akaanza na sauti ndogo ndogo. Ulizisikia zote. Nikainuka nichukue mfuko wangu, nikijua atasema yaleyale ya hospitali. Akasema, "Kaa, mama. Hapo nimejua tu kwamba sauti inaingia. Sijajua inafanyiwa nini ikishaingia."

Alikuwa na maneno ya Kifaransa yaliyorekodiwa. Akakataa kuyatumia. Alisema yatapima Kifaransa chako, si kusikia kwako. Akamtafuta muuguzi wa hapahapa, akamsomesha maneno ya Kiswahili cha nyumbani, akayarekodi: ungo, unga, kamba, pamba, mengine mengi. Kwanza akakupa maneno hayo kukiwa kimya. Hukukosea hata moja. Kisha akaweka juu yake sauti za soko, watu wanabishana bei, moto inapita. Hapo maneno yako yakaanza kuvunjika. Akakupa neno moja sikio la kulia na jingine sikio la kushoto kwa pamoja, maji huku, moto huku, useme yote mawili. Ulishika la kulia, la kushoto likapotea. Akakupigia sauti nyembamba na nene, useme mpangilio wake. Ulicheka, ukadhani ni mchezo, lakini hukuweza.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kufanya. Akakupa mchezo wa picha, wa kutazama tu, mrefu, wa kuchosha. Ulitulia mpaka mwisho bila kukosea. Alisema mtoto asiyetulia angeshindwa na huo pia, na alitaka kuwa na hakika kwamba shida si kutotulia. Alisema pia ni vizuri nimekuleta ukiwa umekua kidogo, maana watoto wadogo zaidi majibu yao hayaaminiki.

Nikamuuliza, "Ni ugonjwa gani?"

"Sauti inafika," akasema. "Kuipanga huko ndani njo kazi inayomushinda kukiwa na kelele. Maneno yanafika yamevunjika, naye anajaza mapengo kwa kukisia. Si ukaidi. Si akili ndogo."

"Atapona?"

"Wengine shida inapungua wakikua. Wengine hapana. Sitakudanganya."

Nikamweleza habari ya Amisi. Nilitaka aniambie ndiyo, kaka yangu mdogo alikuwa na jambo hilohilo. Nilitaka niende kaburini kwa mama yangu na neno hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, siwezi kumupima mutu aliyekufa." Nilimchukia kwa muda wa kufunga mlango. Baadaye nikaona ni mtu wa kwanza katika mambo haya yote aliyekataa kusema asichokijua, nami nikamwamini kwa yote mengine.

Mashauri yake unayajua, uliishi nayo. Akae mbele, mbali na dirisha. Umguse kabla ya kusema. Neno moja kwa mara moja. Usimuulize "umesikia", maana atakubali tu, mwambie arudie. Kilicho kirefu, andika. Nilimpelekea mwalimu wa shule mpya maneno hayo, akayafuata nusu, na hata kwa nusu hiyo ulipanda darasa. Kwa wengine nilipigana. Nimegombana na walimu, na maimamu wa madrasa, na wauzaji, na dereva wa moto aliyekuita kiziwi. Watu wa Kasuku wananiita Mama Vita. Ninajua. Mtu akiniambia jambo limepimwa, sasa ninauliza limepimiwa wapi. Hiyo nimeinunua ghali, na kama kuna kitu unaweza kuchukua kwangu bure ni hicho.

Nawe ukakua ukaficha. Ulijifunza kutazama midomo. Ulijifunza kusimama pembeni ukingoja wengine waanze ili ufuate. Kwenye karakana ya moto unafungua injini, unaona kwa macho yako, watu wanatoka mbali kukuletea kazi, na hakuna anayejua. Nilidhani umetulia. Kumbe ulikuwa unahesabu matusi.

Siku Shabani alipokuja na habari kwamba wanaandikisha vijana, ulinijibu hivi, na sitasahau: "Mama, nimechoka kuwa mutoto wa kuelezewa. Kule hakuna mutu ananijua." Na Shabani akaongeza, "Jeshi litamufungua masikio." Alisema akicheka. Mtu huyo watoto wake wa kuzaa wako dukani kwake wanauza nguo. Hakuwaandikisha.

Mwanangu, aibu yako ninaielewa. Siidharau. Kuwa mahali ambapo hakuna anayekujua, hata mimi nimewahi kutamani. Lakini umechagua kazi ambayo maneno yote hupigiwa kelele, katikati ya injini na risasi, na mtu nyuma yako, na kukosea neno moja ni kufa, au kuua asiyestahili. Umefikiri juu ya huyo wa pili? Mimi nimemfikiria. Huenda yule askari wa bariyeri naye alikuwa kijana wa mtu fulani. Sitaki uwe Amisi. Sitaki uwe yule mwingine pia.

Jana nilikwenda kwa komanda wa jeshi, nikiwa peke yangu, nikamweleza. Akajibu kwa heshima kwamba munganga wao amekupima, masikio mazuri. Nikauliza, "Mulimupimia wapi?" Akasema ndani ya ofisi. Nikauliza mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Akacheka, akasema, "Mama, jeshi si masomo," akanisindikiza nje. Jioni ukapata habari, ukaniambia nimekuaibisha, nisikufuate kesho, na tangu hapo umenyamaza.

Sasa jambo la leo.

Leo nimerudi. Nilikaa mbele ya ofisi ya komanda tangu asubuhi, nikasema na kila aliyeingia, mpaka wakachoka na mimi. Nilimpigia simu yule daktari wa Kisangani, akapokea, nikampa komanda simu. Wakasema kwa Kifaransa kwa muda mrefu. Mwisho komanda hakuwa anacheka. Amekubali jambo moja. Kesho, kabla ya kupanda kamio, atakupima tena, safari hii uwanjani, injini ikiwaka na vijana wakiimba. Atakupa amri tatu kwa mfululizo. Ukizifanya, utaondoka, nami sitasema neno tena. Ukishindwa, unabaki Kindu.

Na nimemwambia asimame nyuma yako. Nimemwambia unasoma midomo, na kwamba ukisimamishwa na wenzako utawafuata wao, kwa hiyo akusimamishe peke yako. Nimemweleza hata lile tabasamu, ajue maana yake akiliona. Siri zako zote za kujificha, ulizozijenga tangu utoto, nimezitoa kwa mtu mgeni mwenye bunduki kiunoni, mchana, watu wakisikia.

Ninakuambia mapema ili usije kusema nilikuvizia. Najua leo utasoma hapa utataka kuvunja kitu. Vunja. Mashine tu uiache, tunakula kwayo. Kesho nitakuwa uwanjani, ukipenda usipopenda, na nitasimama mahali utakaponiona. Ukitaka kunikana mbele ya vijana wote wa Kasuku, nikane kwa sauti. Ukitaka kuhama nyumba, karakana ina chumba, kakae huko miaka yote usinipe salamu.

Nitapita barabarani nitakuona umeinama juu ya moto ya mtu, una mafuta mpaka kwenye viwiko, una hasira na mimi. Nitapita bila kusema kitu. Chuki ya mtoto aliye hai nitaiweza.

Mama yako,
Zaina